Lushoto kwa Mwendo wa Pole: Ushauri kwa Asiye Mpanda Milima

Kila likizo inapokaribia, wasomaji huleta swali lilelile kwa maneno tofauti. Mmoja anataka kumpeleka mama yake Lushoto, lakini mama magoti yanamsumbua. Mwingine ana watoto wawili wadogo. Wa tatu mwili wake umezoea kiti cha ofisi na foleni za Dar es Salaam, na ngazi za ghorofa mbili tu zinamtoa jasho. Wote wamesikia jina la Usambara wakafikiria mahema, kamba na wapagazi, na wote wanauliza: sisi tusio wapanda milima tutaweza?

Mtaweza, ila mjue jambo moja mapema. Lushoto matembezi hayapimwi kwa kilomita. Yanapimwa kwa swali hili: mwishoni, miguu ikiwa imechoka, njia inapanda au inashuka? Anayelijua jibu kabla ya kufunga kamba za viatu hurudi akicheka. Asiyelijua hukaa juu ya jiwe nusu ya njia, akiangalia simu isiyo na mtandao.

## Kwanza ujue mji ulivyokaa

Mji wa Lushoto uko bondeni, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya mahali pa kulikimbia joto la pwani. Majengo kadhaa ya enzi hizo bado yanatumika. Kwa kuwa mji uko chini na vingi vya kutazama viko juu yake, njia zake zinagawanyika hivi:

- Ukingo wa Irente na msitu wa Magamba: kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka.
- Maporomoko ya Soni: kwenda ni kushuka kutoka barabarani, kurudi ni kupanda.
- Mitaa ya mji na mashamba ya bondeni: mwinuko ni mdogo, unaweza kukatisha wakati wowote.

Sasa jipime mwenyewe:

- Kama pumzi ndiyo fupi, panda kwa gari au bodaboda, ushuke kwa miguu.
- Kama magoti ndiyo mabovu, fanya kinyume chake: panda kwa miguu taratibu, urudi kwa gari. Wengi hudhani kushuka ni rahisi kwa kila mtu. Goti bovu huumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mpando.
- Kama vyote viwili ni shida, nenda na urudi kwa gari, utembee kule juu tu. Hakuna anayetoa zawadi kwa aliyefika kwa miguu.

Je, urefu huo wa mlima unaleta ugonjwa? Hapana. Mita 1,400 hazitoshi kumletea mtu maradhi ya milimani. Anayetoka pwani atasikia moyo ukidunda haraka siku ya kwanza, kisha atazoea. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu amwone daktari wake kabla ya safari, na dawa zake azibebe mfukoni, si kwenye begi lililobaki hotelini.

## Uje lini

Usitazame kalenda ya likizo peke yake. Tazama na ya mvua.

- Machi hadi Mei, masika: njia za udongo huwa utelezi, na barabara ya kupanda kutoka Mombo hupata maporomoko ya udongo. Kama una wazee au watoto, ahirisha.
- Juni hadi Agosti, kipupwe: mvua imepungua, lakini baridi ni ya kweli. Asubuhi ukungu hujaa bondeni, na mara nyingi unasubiri hadi saa 3 au saa 4 ndipo uone mlima wa pili. Usiku unalala na blanketi mbili.
- Septemba na Oktoba: kwa mgeni mara ya kwanza, hii ndiyo miezi ninayoipendekeza. Njia ni kavu na baridi imelegea.
- Novemba na Desemba, vuli: mvua huja na kuondoka. Tembea asubuhi, mchana uwe umerudi.
- Januari na Februari: kuna jua na joto la wastani. Ni miezi mizuri, ila tambarare iliyo chini ya milima mara nyingi hufunikwa na vumbi na utusitusi.

## Kufika bila kumaliza nguvu

Waliochoka siku ya kwanza wengi wao walichoshwa na safari, si na mlima. Lango la Lushoto ni Mombo, kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha. Kutoka hapo ni kilomita 33 hivi za lami na kona, ukipanda kiasi cha mita 1,000.

1. Ondoka alfajiri. Kutoka Dar es Salaam mabasi huanzia kituo cha Magufuli, Mbezi. Tafuta basi linalofika Lushoto moja kwa moja, hasa kama una mizigo na wazee.
2. Ukishukia Mombo, usikubali gari la kwanza linalokuita. Magari madogo ya abiria husubiri hadi yajae, na yakijaa hujaa kweli. Uliza nauli kwa abiria wenzako kabla ya kumuuliza utingo.
3. Anayetapika kwenye kona akae mbele, na asile chakula kizito Mombo. Kipande cha tangawizi au limau mkononi si ushirikina, husaidia.
4. Fika kabla ya giza. Jua huzama baada tu ya saa 12 jioni, na kona zile zenye ukungu usiku si mahali pa kujifunzia.
5. Siku ya kufika usipange matembezi. Oga, kula, zunguka stendi na soko, lala.

Mwenye gari dogo ataniuliza: litapanda? Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami, litapanda. Hofu iwe wakati wa kushuka. Teremka kwa gia ndogo, uache injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo hadi Mombo huzipasha moto mpaka zinagoma. Njia za kwenda vijijini ni hadithi nyingine: mvua ikinyesha, gari dogo liache hotelini.

## Cha kuvaa na kubeba

Orodha ni fupi kwa makusudi, maana kila kilichomo begani utakibeba wewe.

- Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Raba yenye nyayo zinazoshika inatosha. Ndala hapana, na viatu vipya vilivyonunuliwa jana hapana zaidi.
- Sweta na koti jepesi la mvua, hata kama asubuhi jua linawaka.
- Kofia. Ubaridi wa milimani hudanganya, jua linaunguza bila wewe kusikia joto.
- Maji ya kunywa, angalau lita moja kwa kila mtu mzima.
- Fimbo. Wenyeji wanaitumia, kwa nini wewe uone aibu? Kwa mwenye magoti ni mguu wa tatu.
- Tochi ndogo, plasta za malengelenge, na fedha taslimu za noti ndogo. Kijijini kupata chenji ya noti ya elfu kumi ni mtihani.
- Kanga au kitenge kimoja. Utakikalia, utajifunika, utambebea mtoto.

Onyo kuhusu maji: vijito vya Usambara huonekana safi kama kioo, na utashawishika kuinama unywe. Usinywe. Mabonde haya yanalimwa mboga kwa wingi, kabichi, karoti, nyanya na viazi, na mboga hupigiwa dawa. Kinachotiririka kinaweza kuwa kimepita mashambani kabla ya kufika kwako.

## Matembezi ya kwanza: mji wenyewe

Haya ni ya kila mtu, na ndiyo ya kujipimia. Tenga saa mbili za asubuhi.

Anza sokoni. Lushoto ni ghala la mboga la miji ya pwani, na sokoni utaona kwa nini. Kuna viazi vya kila rangi, maharage na parachichi, na msimu ukiwa wake utakuta peasi, plamu na mapichi, matunda yanayopenda ubaridi. Muulize mwenyeji wako siku za gulio, maana siku hizo watu hushuka kutoka vijiji vya mbali na soko hugeuka kuwa mji mwingine. Nunua matunda ya njiani hapo, uyaoshe kwa maji safi kabla ya kula.

Kutoka sokoni pita taratibu kwenye majengo ya zamani na makanisa, ukitembea chini ya miti mikubwa ya kandokando ya barabara. Usipige picha ofisi za serikali, polisi wala mahakama bila kuruhusiwa. Lushoto ni mji wa wanasheria pia: Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa.

Kosa la kawaida ni kuyadharau matembezi haya kwa kuwa ni ya mjini. Yafanye siku ya kwanza kamili. Baadaye jiulize: miguu ikoje? Jibu hilo ndilo litakalokupangia kesho.

## Matembezi ya pili: Irente

Kama una siku moja tu, nenda Irente. Ni kilomita tano hadi sita kutoka mjini, kupitia kijiji cha Yoghoi, kwa barabara ya udongo inayopanda polepole kati ya migomba, mahindi na nyumba za watu. Mtu wa kawaida anayesimama kupumua hutumia saa moja na nusu hadi mbili kufika. Mwishoni ardhi inakatika ghafla. Umesimama kwenye ukingo wa mwamba, na chini kabisa, karibu mita 1,000, iko tambarare ya Mazinde: mashamba ya mkonge, barabara kuu, reli ya Tanga hadi Moshi, na mbele yake nyika ya Wamasai.

Fanya hivi:

1. Toka saa 2 asubuhi. Ukingo unatazama upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako na tambarare inaonekana vizuri. Miezi ya ukungu, toka saa 3.
2. Panda bila kukimbizana. Kipimo ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.
3. Agiza chakula mapema kwenye shamba la Irente. Shamba hili la Kanisa la Kilutheri liko karibu na njia, nalo linajulikana kwa jibini, mkate na jamu vinavyotengenezwa hapohapo. Ukifika bila taarifa mkiwa kumi, mtasubiri.
4. Uwe na noti ndogo kwa ajili ya kiingilio kitakachoombwa kwenye eneo la kutazamia.
5. Rudi kabla ya saa 8 mchana, kwa miguu au kwa bodaboda.

Maonyo mawili. La kwanza, miamba ya ukingoni haina uzio kila mahali. Watoto washikwe mkono, si kuitwa kwa sauti. Na picha ya kurudi nyuma hatua moja ili kichwa kiingie vizuri isipigwe pale. La pili, jua likizama Irente ni la kupendeza, lakini linakuacha gizani kilomita tano kutoka kitandani. Anayelitaka akubaliane na dereva kabla, amsubiri palepale.

## Matembezi ya tatu: msitu wa Magamba

Irente ni ya macho, Magamba ni ya masikio na pua. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba uko juu ya mji, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya kale ya misitu yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Hapa kuna mbega weusi wenye mkia mweupe, kima, vinyonga wa Usambara na ndege wanaowaleta watu kutoka mabara mengine wakiwa na darubini shingoni.

Hata ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda dirishani asili yake ni milima ya mkoa huu. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Usambara, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mwanasayansi akalipa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia yake. Ukiliona mwambani, lipige picha uliache hapo.

Jinsi ya kwenda:

- Panda kwa gari. Magari yaendayo Mlalo hupitia Magamba. Hifadhi pumzi zako kwa ajili ya msitu.
- Lipa kiingilio kwa njia halali. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa simu au benki, nawe unapata stakabadhi. Raia wa Tanzania hulipa kiwango tofauti na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Asiyekupa stakabadhi hajakuuzia kiingilio.
- Ingia na kiongozi. Ndani ya msitu njia zinafanana na simu hupoteza mtandao.
- Chagua njia pana, zile za zamani za magari ya mbao. Mwinuko wake ni mdogo kuliko vijia vya kwenda vileleni. Mwambie kiongozi wazi: "Tunataka saa mbili, njia ya wazee." Usione haya kulitamka.
- Chomeka suruali ndani ya soksi. Siafu hawachagui mgeni na mwenyeji, hasa baada ya mvua, na mimea ya kuwasha imejaa kandokando ya vijia.

Ukiona visiki vikubwa, ujue msitu huu umepitia mengi. Mkulo na mwangati zilikuwa mbao za thamani. Wakati wa Wajerumani, kule Shume, kaskazini zaidi, mbao ziliteremshwa kwa waya wa angani hadi Mkumbara, kwenye reli. Msitu uliobaki ndio unaolisha vijito vinavyonyweshea kabichi ulizoziona sokoni.

Na kinyonga? Watu wengi wanamwogopa, wengine humwua. Hana sumu wala haleti nuksi. Usimshike, na usimlipe mtoto anayekuletea kinyonga juu ya kijiti, kwa sababu kesho atawakamata kumi.

## Matembezi ya nne: Soni na Vugha

Soni iko kwenye barabara ya Mombo, kwa hiyo unaweza kuiweka siku ya kuondoka kama una gari. Maporomoko yake yanaonekana hata ukiwa barabarani, na kwa mwenye magoti hapo panatosha kabisa. Anayeteremka chini akumbuke: hii ndiyo njia inayoanza kwa raha na kuishia kwa mpando. Mawe ya karibu na maji yana utelezi hata wakati wa kiangazi. Usiogelee, na baada ya mvua usishuke kabisa.

Anayependa historia aongeze Vugha, makao ya kale ya watawala wa Kikilindi. Simulizi za Wasambaa zinamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akasaidia watu dhidi ya nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, wakampa utawala. Kizazi chake kilishika milima hii, na mtawala wao Kimweri ye Nyumbai alipofariki miaka ya 1860 dola lake lilikuwa limefika hadi pwani. Anayetaka kujiandaa atafute kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, *Habari za Wakilindi*.

Vugha si bustani ya starehe. Ni mahali pa wazee na makaburi. Nenda na mwenyeji anayejulikana, piga hodi kwa wazee kwanza, na usiguse wala kupiga picha kabla ya kuambiwa.

## Kiongozi wa nini, na mimi naongea Kiswahili?

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi kwa Watanzania wenzangu: kiongozi ni wa Wazungu. Kwa mjini na Irente kweli unaweza kwenda peke yako, njia ni moja na watu wapo. Kwa Magamba, Vugha na vijia vya mashambani, mchukue. Anajua kijia kipi kimeporomoka, nyumba ipi ina msiba leo usipite ukipiga kelele, na mbega wamelala upande gani.

Kabla ya kulipa:

- Mpate kupitia hoteli yako au chama cha waongoza wageni chenye ofisi mjini. Friends of Usambara ni mojawapo. Usimpate kwa kushikwa mkono stendi.
- Kubalianeni: bei ni ya kundi au ya kila mtu? Neno hili moja limeharibu siku nyingi.
- Uliza kama kiingilio, nauli na chakula vimo ndani ya bei.
- Mtaje mtu dhaifu kuliko wote kundini. Mwendo wa kundi ni wake.

## Adabu za njiani

Hapa unapita kwenye ua wa mtu, si kwenye hifadhi ya taifa.

- Salimia kila unayekutana naye, na mzee mpe shikamoo yake. Ukiweza asubuhi kusema "onga maundo" kwa Kisambaa, utaona uso ukifunguka.
- Pita kwenye kijia, usikanyage matuta. Yameshikilia udongo usiteremke bondeni, na yamejengwa kwa jembe la mkono.
- Tunda la mtini lina mwenyewe. Omba au nunua.
- Usigawe pipi na sarafu kwa watoto. Ukitaka kusaidia, nenda shuleni, zungumza na mwalimu.
- Vaa kwa heshima. Vijiji hivi vina misikiti na makanisa, na Ijumaa na Jumapili watu wako ibadani.
- Takataka zako rudi nazo mjini.

## Mpango wa siku tatu za matembezi

- Siku ya kufika: kupumzika.
- Siku ya kwanza: soko na mji asubuhi. Mchana lala.
- Siku ya pili: Irente asubuhi, chakula shambani, kurudi taratibu.
- Siku ya tatu: Magamba kwa gari, saa mbili msituni, kurudi kwa chakula cha mchana.
- Siku ya kuondoka: Soni, kisha Mombo.

Utaona kila siku ina tembezi moja tu, tena la asubuhi. Usijaze mchana uliobaki wazi. Mvua za milimani hupenda mchana, na misuli iliyotembea jana inahitaji kukaa. Mwenda pole hajikwai.

Na Mtae, kijiji cha ukingoni kinachosifiwa na kila aliyefika? Kiko mbali, makumi ya kilomita kutoka mjini. Kiwekee safari nyingine yenye usiku wa kulala hukohuko. Kwenda na kurudi siku moja ni kukaa garini kutwa.

## Makosa yanayorudiwa

1. Kuamini "ni hapo tu." Mwenyeji anapanda mlima huo akiwa na mzigo kichwani, "hapo" yake si yako. Muulize: "Mtoto wa shule anatumia muda gani?" Kisha zidisha mara mbili.
2. Kukata njia. Kijia cha mkato hupunguza mita na kuongeza mwinuko.
3. Kupanda bodaboda kwenye mteremko wakati wa mvua. Subiri ikatike. Na siku zote dai kofia ngumu.
4. Kuanza baada ya chai ya saa 5. Unatembea kwenye jua, unarudi kwenye mvua.
5. Kuwaacha wa nyuma. Anayechoka hutembea mbele kundini, si mwisho.

## Maswali mafupi

Watoto wa umri gani? Mtoto wa miaka saba au minane hufika Irente kwa miguu akipewa vituo. Mdogo zaidi, nendeni kwa gari mtembee shambani.

Mwanamke peke yake? Mji na barabara ya Irente mchana zina watu. Vijia vya msituni na vya mashambani nenda na kiongozi, waachie hotelini jina lake na saa ya kurudi.

Mbu je? Baridi huwapunguza, haiwamalizi, na Mombo kule chini wapo wa kutosha. Lala ndani ya chandarua.

Nikichoka katikati? Rudi. Milima hii ilikuwapo kabla ya Wajerumani na kabla ya Mbegha, na mwakani utaikuta. Mwambie dereva wa bodaboda akufuate, lipa, nenda ukanywe chai.

Basi, kabla ya kununua tiketi, kaeni kama familia mjibu mambo matatu: nani dhaifu kuliko wote, shida yake ni pumzi au magoti, na kila njia mliyoichagua inaishia kwa mpando au kwa mteremko. Mkishajibu hayo, nunueni tiketi ya basi la alfajiri na mfungashe masweta.